Benchi la Bwana Kisigino

Ndugu waombolezaji, huyu aliyelala mbele yetu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Kisigino, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa dereva wa treni, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, akamaliza sekondari 1968, akahitimu upimaji wa ardhi 1973, na tarehe 1 Julai 1974 akaajiriwa idara ya maji, chumba namba sita, alikokalia kiti kilekile hadi alipostaafu mwaka 2010.

Kazi yake ilikuwa kukadiria mafuriko ya dhoruba za zamani katika vijiji vya pwani visivyofikiwa na barabara, ambako hakuna aliyewahi kuweka kipimo, hivyo aliwaomba walionusurika waonyeshe maji yaliwafika wapi mwilini, kisha akapiga magoti na kupima kuanzia kisigino, na jina likamganda.

Mwaka 1979 fundi cherehani mmoja alimwonyesha kiuno, naye akapima, akasaini na kutuma ofisini ripoti ya kupangia kimo cha sakafu ya zahanati mpya, na alipokwenda kuaga, yule fundi, macho yakiwa kwenye kitambaa, akamuuliza mbona hakutaka kujua siku ya mafuriko yeye alisimama juu ya nini, maana alikuwa juu ya benchi, cherehani kichwani. Bwana Kisigino, ambaye tuseme ukweli alijiona hakosei, alilipima benchi, sentimita arobaini na sita, akatembea siku mbili kurudi ofisini kabla zege halijamwagwa, akaandika kwamba kosa ni lake peke yake, akanyimwa cheo, lakini sakafu ikapandishwa.

Fundi huyo ni dada yangu; walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mwana 1986, na tangu hapo shemeji yangu hakupima mtu bila kumuuliza kwanza alisimama juu ya nini.

Tarehe 18 Mei 2006 dhoruba ilirudi, watu thelathini na mmoja wakajifungia katika zahanati ile, binti yake, mkunga wa hapo, akiwa anamzalisha mama, na maji yakaishia vidole vinne chini ya kizingiti. Alipopata habari, shemeji yangu alikaa kwenye kiti chake akalia, na hakuona aibu.

Alianza kuugua figo Juni 2022, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa chumba namba sita, na ninyi mliotoka zahanati ile, pamoja na kijana aliyezaliwa siku ile, aliyebeba jeneza leo.

Shemeji, ukituuliza tulisimama juu ya nini, tulisimama juu ya kosa ulilokubali kulisahihisha. Pumzika kwa amani, mahali pakavu.