Mfuko wa Sarafu Zinazong'aa

Basi lilipotoka kituoni, mzee wa kiti cha mbele yangu, seremala wa kiwandani aliyestaafu juzi juzi, alimfungulia mama aliyekaa naye mfuko wa turubai.

"Sarafu za fedha tupu, mama. Za zamani, zilizotumika, mia tatu. Kiinua mgongo changu chote kimo humu. Noti zinachakaa, hizi hazinitupi."

Mama akasema yeye ni sonara, akaomba moja, akaipima uzito kiganjani. "Ulinunua kwa mizani?"

"Kwa idadi! Mia tatu kamili, nilizihesabu mara mbili."

Seremala gani hununua mbao bila kuzipima? Lakini mimi nani aliniuliza.

"Zimepita mikononi mwa watu miaka na miaka, zimelika," sonara akasema. "Na mbona zinang'aa hivi?"

Hapo mzee akatabasamu kama bwana harusi. "Mke wangu na mimi, kila Jumapili, tunazisugua kwa majivu, moja moja, mpaka kitambaa kinakuwa cheusi tii."

"Na kitambaa?"

"Tunakitupa."

"Mzee wangu, ule weusi ni fedha yako inayotoka."

"Ni uchafu, mama. Nimesugua meza miaka arobaini, uchafu naujua."

Walibishana vituo vitatu, na mzee hakutikisika hata kidogo. Basi liliposimama alidai sarafu yake, akaiona ina alama ya kidole cha sonara, akaisugua kwa nguvu kwenye suruali mpaka ikarudi kung'aa. Kisha akashuka, kichwa juu, na doa jeusi pajani.