Mtu wa Idara Nne

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza kaka yangu, haya nimeyaandika mwenyewe, mimi dada yake mdogo, fundi cherehani. Wasomi mliopo mtanisamehe nikikosea. Yeye hakuwa akinisamehe, alikuwa akinirekebisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati yetu wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba alikuwa karani. Nyumbani tulimwita Mbona. Alipokuwa na miaka minane, mama alikutana njiani na mwanamke anayemfahamu vizuri, jina likamtoka kabisa. "Mbona uso unaukumbuka na jina hulikumbuki?" kaka akamuuliza. Mama, ambaye hata miaka thelathini na tano hakuwa ametimiza, akamjibu, "Uzee, baba." Mwalimu wake akasema ni kutokuwa makini. Mganga wa zahanati akasema ni upungufu wa damu. Mbona alinuna siku mbili, kwa sababu wakubwa watatu walikuwa wamejibu swali moja na hakuna aliyetaka kusikia wenzake wamesema nini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1971, akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Baada ya miaka mitatu akauacha, akahamia saikolojia, kisha taaluma ya lugha, kisha kompyuta zile za kujaza chumba kizima. Baba alimwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mwenzetu alikuwa ameshika manne.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, na mwaka 1983 wakajaliwa binti. Wifi ameniruhusu kusema hili: aliporudi safari ya mwezi mzima alimuuliza mumewe kama amemkumbuka, na marehemu akampa majibu manne, yote sahihi. Waliachana mwaka 1992 bila kugombana. "Sikuwa na hasira naye, wifi," aliniambia juzi. "Nilichoka tu kungoja amalize." Baada ya hapo kaka aliishi peke yake miaka thelathini na moja.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia mwaka 1984. Kazi yake yote ilikuwa swali lile lile la jina lililopotea. Daktari wa ubongo hulieleza kwa seli, mwanasaikolojia kwa namna kumbukumbu inavyotafutwa, mtaalamu wa lugha kwa sauti za maneno, na wa kompyuta ametengeneza programu inayosahau kama sisi. Marehemu alishikilia kwamba hayo yote ni maelezo ya mtu mmoja aliyesimama njiani mdomo wazi, kwa hiyo lazima yaelewane, bila moja kuyameza mengine. Kila Alhamisi saa tisa alasiri aliwaita wataalamu hao wanne ofisini kwake, chumba chembamba kati ya ngazi na stoo, kwa sharti moja: hakuna kusema la kwako mpaka ulieleze la mwenzako, naye akubali kwamba umelieleza sawasawa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyewahi kufika kwenye la kwake. Wakaanza kupungua, huyu ana kikao, yule ana mgeni. Yeye akaendelea kupanga viti vitano.

Siku ya kustaafu, tarehe 31 Machi 2016, alivaa suti niliyomshonea. Idara ya tiba ilidhani saikolojia ndiyo inamuaga, saikolojia ikadhani ni watu wa lugha, hao nao wakadhani ni watu wa kompyuta, na wa kompyuta wakadhani ni tiba. Saa kumi na moja jioni akaja kwangu na suti yake, hata vumbi haikuwa nalo. "Nimeagwa na wote kwa pamoja," akasema, tukacheka mpaka machozi. Baadaye akaniambia, "Nataka mtu mmoja tu anirudishie ninachosema, nami niseme ndiyo, ndivyo. Mmoja, dada." Nikamwitikia ehe, huku nakunja pindo. Mpaka leo najilaumu kwa ile ehe.

Alhamisi tarehe 9 Februari 2023 nilimkuta sebuleni kwake, chini, kando ya viti vitano. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote. Alisikia na kuelewa, ila kujibu ikawa kwa kichwa tu. Ndipo nikaanza kujaribu kumrudishia alichokuwa akisema, kila alasiri pembeni ya kitanda chake. "Kaka, ni kama shati. Huyu anakata, yule anashona, wa tatu anatia vifungo." Akatikisa kichwa, hapana. Nikajaribu miezi minne. Hapana, hapana. Jumatatu tarehe 5 Juni nikamwambia, "Basi ni hivi: wote wanne wanampima mtu mmoja, kila mtu na kipimo chake. Vipimo vikipingana, usitupe hata kimoja. Mrudie mtu mwenyewe, umpime upya." Akanitazama muda mrefu, kisha akacheka kwa sauti. Hakutikisa kichwa, wala hakukiinamisha.

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Daktari aliniambia kicheko kile kilikuwa cha ugonjwa, mishipa imelegea, wagonjwa wa namna hiyo hucheka bila sababu. Mtaalamu wa tiba ya usemi akaniambia hapana mama, alikuwa amekuelewa. Nimewasikiliza wote wawili, na wote wanajua kazi yao.

Ameacha binti yake, wajukuu wawili, wifi yangu, na mimi. Mungu ampumzishe, maana alichoka peke yake. Mimi nimebaki na kicheko kimoja na maelezo mawili, na mtu ambaye angenisaidia kuyaunganisha ndiye huyu tunayemzika.