Sweta ya Mwalimu Nthenya

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Mchungaji Gedion. Mgeni wetu wa heshima kutoka ofisi ya elimu ya kaunti. Walimu wenzangu, wazazi mliotoka Kabati na vijiji vya karibu, na ninyi wasichana wangu mnaocheka kabla sijasema neno: Bwana asifiwe! Asifiwe tena!

Leo mwalimu mkuu wenu nastaafu. Mke wangu ananingoja Mbooni na jembe jipya, na nina furaha hadi nimeshindwa kufunga tai, kama mnavyoona. Ningewahutubia juu ya matokeo ya mitihani, lakini ni nani kati yenu aliyevalia vizuri hivi aje kusikiliza matokeo? Nitawaambia habari ya sweta, na mwenyewe ameniruhusu.

Mwalimu Nthenya alipokuja kufundisha hisabati kwa majaribio, alikuja na sweta nzito ya mikono mirefu. Asubuhi, sweta. Saa nane mchana, jua likiwaka hadi mbuzi wanagombania kivuli, sweta. Mnajua tulivyo watu wa huruma. Tukakubaliana kwamba mwalimu anaugua. Wazazi, si mlileta kuku? Si mlileta asali na uji wa wimbi? Mama Mbula alileta mbuzi mzima, akamfunga kwenye mlango wa maabara. Mwalimu alisema yuko sawa, nasi tukazidi kumhurumia, maana tulidhani anajikaza tu.

Basi akina mama wa kanisa wakaja ofisini kwangu kumwombea, Mchungaji akiongoza. Mama Mbula akapandisha mkono wa sweta ili ampake mafuta. Wapendwa, tukaona ndege! Tatoo ya tausi, mkia kwenye kiwiko na mdomo karibu na saa yake ya mkononi. Wote tukakodoa macho. Mchungaji alibaki amefumba macho, akiomba peke yake, akishangaa kwa nini hakuna anayeitikia amina.

Nthenya alilia. Alitueleza kwamba benki moja na ofisi ya wakili walimkataa kwa sababu ya mkono ule, na kwamba amewapenda hawa wasichana kiasi cha kukubali kuiva ndani ya sweta. Mchungaji, nakuheshimu sana, lakini uso wako siku hiyo ulikuwa umeshamfuta kazi.

Aliyetuokoa ni mama yako mzazi, Nyanya Kasyoka, yule pale mbele, aliyekuja na akina mama wa kanisa. Aliushika ule mkono, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Ulilia ukichorwa?" Nthenya akakubali. Nyanya akafungua mdomo, akatuonyesha meno yake ya mbele, yaliyochongwa zamani kwa desturi yetu Wakamba.

"Mimi sikulia," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na mdomo huu ndio uliokufundisha kuomba, Gedion."

Je, kuna bodi inayoweza kubishana na meno hayo? Nthenya alithibitishwa kazini, na Mama Mbula akaiweka siri, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa Kabati. Lakini sweta haijavuliwa. Mwalimu anawaogopa ninyi wazazi. Anaogopa mtawahamisha watoto.

Sasa nauliza mbele ya mgeni wetu: kuna anayetaka kuku wake arudishwe? Kuna anayetaka binti yake asahau hesabu aliyofundishwa na mkono ule? Naona mnatikisa vichwa. Mama Mbula, wewe umesimama kabisa. Keti, mbuzi tulishamla.

Mwalimu Nthenya, njoo. Chukua hii bikari ya mbao ambayo nimechorea duara ubaoni tangu nikiwa na nywele. Idara ya hisabati ni yako. Hiyo sweta nipe mimi. Mbooni kuna baridi, na wewe umeivaa ya kutosha.

Makofi hayo ni yake. Mimi nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na kwa kunivumilia miaka yote hii. Asanteni sana.