Saa Arobaini za Angani

Tulipotoka Tunduma, dada aliyekaa mbele yangu kwenye basi dogo la Kosta alimwambia mzee wa pembeni yake kwamba anataka kujifunza kurusha ndege ndogo, kwa raha yake tu.

"Zinatakiwa saa arobaini angani, baba. Kila mwaka tukilipwa hela ya kahawa naenda Dar, narusha saa kumi kati ya hizo. Miaka minne nimemaliza."

Nilicheka kimoyomoyo. Mzee hakucheka. "Na katikati hapo, mwanangu, unarusha nini?"

"Napalilia."

"Kijana wangu alijifunza gari hivyohivyo, msimu kwa msimu. Mwaka wa tatu bado anaonyeshwa breki iko wapi. Mkono unasahau."

Tulipofika Vwawa dada akamgeukia. "Basi niweke hela za misimu yote minne, niende mara moja?"

"Hapo sawa."

"Lakini miaka minne, baba, hela iko benki na watu wanajua ipo. Itafika?"

Nilisogea nisikie jibu, maana hata mimi nilitaka kujua. Konda akagonga bati la gari: tumefika Nanyala. Dada alipoinuka kushuka, mzee aliingiza mkono kwenye koti, akampa kadi ya mchango wa harusi ya yule kijana wake wa breki.

"Chochote utakachojaliwa, mwanangu."