Namba Mia Mbili na Nne

Tangu mgodi ufungwe, kijiwe hiki kilikuwa kikitafuna habari za zamani tu. Sasa nyumba za wachimbaji zimepakwa chokaa, ofisi ya mishahara imekuwa hoteli, na kesho watalii wa kwanza watashushwa shimoni. Mlangoni mwa shimo mchoraji mabango anaandika majina kumi na moja ya waliofia humo. Amebakiza moja, ambalo karatasi za kampuni zimeliandika namba tupu. Kijiweni wanamjua mwenye namba: Kibatari. Siku paa la shimo lilipoporomoka alimsukuma mwenzake Toroli nje, akabaki yeye. Toroli yupo hapa kwenye benchi, kahawa mkononi, anasikiliza.

— Alikuwa mtoro wa jeshi, alisema Redio, mzee asiyepitwa na habari. Mtoro hatoi jina.

— Acha fiksi! alidakia Kinyozi. Yule mtoto wa mfalme, alikimbia kiti. Kichwa chake nimekinyoa mimi.

— Mtoto wa mfalme, buti limefungwa kwa waya?

— Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Kunywa kahawa.

— Basi niwape ya ndani, alisema Redio. Walikuwa wawili, mapacha! Huyu asubuhi, yule jioni. Ndiyo maana alikuwa hachoki.

— Alikuwa mmoja, alisema Toroli. Nimekula naye sahani moja miaka tisa.

Mchoraji alitokea, kopo la rangi mkononi, maneno hayo ameyasikia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Namba mia mbili na nne, jina lake nani?

— Kibatari.

— Hilo la utani. La kwao?

Redio aliinamia kahawa yake. Kinyozi akajifanya anasafisha kitana. Mchoraji akamgeukia Toroli.

— Mzee, miaka tisa, sahani moja. Hukuwahi kumuuliza?

Toroli aliona haya. Alijua Kibatari alivyokohoa, alivyocheka, alivyomega tonge. Jina, hapana. Alikuwa akimwita, naye akiitika, ikatosha.

— Rangi inakauka, mzee.

Toroli aliweka kikombe chini, akainuka kwa kushika goti.

— Andika Kibatari. Chini yake andika: anayejua jina lake, amwone Toroli kijiweni.

— Kwenye bango la watalii?

— Si mnasema watapita watu wengi? Huenda mmoja akawa wa kwao. Twende, nikushikie ngazi.