Nilivyomaliza Kumsuka Binti Yangu Ndani ya Ndege

Dada zangu, hamjambo. Aliye karibu na dirisha alifunge, maana mimi siongei polepole na huko chini ni ofisi za watu.

Nilizaa nikiwa kidato cha pili. Nyote hapa mlizaa mkiwa shuleni, kwa hivyo sitawafundisha aibu ni nini. Nitasema tu kile kinachonikera mpaka leo: kijana niliyezaa naye huyo mtoto hakukosa shule hata siku moja. Mimi kanisani nilihamishwa benchi, nikapelekwa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mwavuli.

Mtoto alipoacha kunyonya, mama yangu alimchukua akaniambia, "Rudi shule. Kuanzia leo huyu ni wangu, wewe ni dada yake." Nikarudi, nikamaliza kidato cha nne. Nikaja Nairobi, nikapata kiti cha kusukia nywele pale Kenyatta Market. Kila Krismasi nikifika nyumbani kule magharibi, binti yangu alinikimbilia akiita, "Dada amekuja." Lilikuwa linanichoma hilo neno, na niliitika.

Kisha mama akafariki. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya mazishi, aliyeshika maikrofoni aliita watoto wa marehemu wasimame. Binti yangu akasimama nasi, macho yamevimba kwa kulia. Mjomba mmoja, wale wa kujua kila kitu, akamwambia mbele ya watu, "Wewe keti. Utaitwa na wajukuu."

Akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Alielewa palepale. Nilimleta Nairobi tukaishi pamoja, akaacha kuniita Dada, lakini hakuniita kitu kingine. "Chumvi imeisha." "Kuna mtu mlangoni." Yaani ndugu zangu, mtoto anaishi nawe miaka na hujawahi kuitwa na yeye hata mara moja.

Mwaka huu dada yangu anayeishi Kanada alimpatia nafasi ya kusomea uuguzi, akatutumia tikiti mbili ili nimsindikize, kisha nirudi. Nikajua nikimwacha huko kabla hatujaongea, basi nimempoteza.

Siku ya safari nikamkalisha kwenye kiti changu pale sokoni nimsuke. Nimefika nusu ya kichwa, mteja wangu wa siku nyingi akapita. "Huyu ndiye mdogo wako? Mnafanana." Mdomo wangu ukajibu wenyewe kwa mazoea: "Eeh, ndiye."

Binti akasimama. Upande mmoja umesukwa vizuri, upande mwingine umesimama kama moshi. Akasema, "Ngoja nikatafute mama yangu amalizie." Akavaa kofia ya sufu, akaondoka. Hata uwanja wa ndege alienda na hiyo kofia, na jua lile.

Basi tukapanda. Ndege ya kwanza, kimya. Ya pili, ile ndefu ya kuvuka bahari, kimya. Dirishani alikaa mzee mmoja, Mkamba, anaenda kuona wajukuu. Binti yangu katikati, mimi huku kwenye njia. Tumekula chakula chao kwenye sahani za watoto, binti amefunga macho na halali. Mimi nimejaa. Nina hasira na mama yangu, na mjomba, na kanisa, na hasira kubwa zaidi na huu mdomo wangu.

Yule mzee akaniinamia. "Samahani, wewe na huyu mdogo wako, mnaweza..."

Nikasimama wima. "Huyu si mdogo wangu. Ni mtoto wangu. Nimemzaa mimi, nikiwa kidato cha pili, na sitaki tena mtu aniambie vingine."

Vichwa vikageuka. Mtu wa mbele akatoa vitu vya masikioni.

Mzee akasema, "Sawa, mama. Lakini bado nataka kwenda choo."

Nikasikia kitu kinatikisika kando yangu. Nikadhani binti analia. Alikuwa anacheka, amejiziba na blanketi. Nami nikaanza. Tulicheka mpaka mzee akaenda akarudi, na bado hatujamaliza.

Halafu binti akavua kofia. Akanigeuzia mgongo. "Utamaliza, ama nishuke hivi?"

Kitana nilikuwa nacho, na nywele za bandia zilizobaki pia, maana msusi haachi nywele sokoni. Mzee akapewa fungu ashike, akawa ananigawia uzi mmoja mmoja kama mtu aliyezaliwa saluni. Mhudumu akaja na sura ya kazi, akasema hapa si mahali pa kusukana. Mzee akamjibu, "Binti, huyu ni mama anasuka mtoto wake. Tuletee chai."

Aliileta. Lakini maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele alikataa katakata, kwa hivyo tulishuka Kanada ncha zimefumuka kama mswaki wa zamani. Dada yangu alituangalia pale tulipotokea, akauliza kama kumetokea ajali.

Lakini kule angani, nilipokuwa nasuka karibu na sikio, binti alisema, "Mathe, unavuta sana."

Mathe, mama kwa Sheng yao. Nikalegeza mkono. Nikasema pole. Nikaendelea kusuka, sikutaka aone uso wangu.

Nashukuru dada yangu kwa tikiti, na yule mzee, ambaye hata jina sikumuuliza. Na nyinyi, kwa sababu ni katika chumba hiki nilijifunza kusema "nilizaa" bila kuangalia sakafu, ingawa nje ilinichukua muda.

Hasira bado ninayo, msidhani nimekuja kuwaambia imeisha. Ila sasa inajua pa kwenda. Kama kuna mtoto anakuita shangazi, dada, au hakuiti kitu, usingoje akue ndipo umweleze kwa utaratibu. Mwambie leo, hata kama utasema vibaya, hata kama watu wanasikia.

Nimemaliza, naketi. Dirisha mnaweza kufungua, kuna joto.