Mikono ya Nora Saeng Khongnun, 1955–2024

Marehemu Nora Saeng Khongnun alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1955, kijijini Thung Yao, wilaya ya Khuan Khanun, mkoa wa Phatthalung. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Plueang, mgema wa miti ya mpira, na marehemu Chan, binti wa ukoo wa wacheza nora, mchezo wetu wa kusini wa ngoma na beti za kuimbwa. Mkunga aliyempokea alimwambia mama yake, "Chan, umezaa vidole, mtoto atafuata kesho." Mama akacheka, akanyoosha vya kwake. Katika ukoo ule, vidole virefu vinavyopinda kwenda nyuma vilikuwa muhuri. Wazee waliotangulia, waliocheza kabla yetu, humtia alama wanayemtaka, na akikataa kucheza humtia maradhi mwilini. Kaka yake mkubwa, Khlai, alizaliwa na vidole vigumu kama vijiti vya kuchokolea moto, akapewa ngoma.

Mama yao alifariki tarehe 3 Novemba 1962, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Alikuwa akipepeta mchele, akashika kifua, akaanguka juu ya ungo. Watu walisema wazee wamemwadhibu kwa kuwa aliolewa akaacha kucheza.

Marehemu alisoma shule ya hekalu hadi darasa la nne. Hakuwa akiona ubao, na mwalimu, aliyemdhani mvivu, alimchapa vidole kwa rula. Miwani aliipata akiwa na miaka kumi na tisa. Basi kila kitu alikishika kwa masikio, ndiyo maana baadaye hakuna aliyemshinda kwa beti za papo kwa papo.

Shule yake hasa ilikuwa kwa mjomba wa mama yake, Nora Krai. Watoto wengine walilowekwa vidole katika maji ya moto, kisha vikavutwa nyuma mpaka wakalia. Zamu ya Saeng ilipofika, mzee alivuta mara moja, kucha zikalala juu ya mkono.

"Huyu nimfundishe nini?" mzee akasema. "Mfundisheni kula. Amekonda."

Alipofika miaka kumi aliweza kupinda mgongo hadi kichwa kikatokea kati ya miguu, akaokota jani la tambuu kwa mdomo. Mara nyingine bega lilimtoka katikati ya mchezo. Aliingia nyuma ya pazia, akalisukuma mahali pake, akarudi akitabasamu. Alikaa kwa mzee miaka kumi na miwili, akichota maji na kumkanda miguu, ndipo akavishwa taji na kuitwa Nora, tarehe 6 Juni 1975. Siku hizi mtu hutazama simu siku tatu, akakodi vazi, akajiita nora.

Jina lake lilivuma kusini kote. Redio ya Hat Yai ilimrusha kila Jumapili, kanda zake ziliuzwa hadi Trang, na mwaka 1983 alicheza Bangkok mbele ya umati uliosimama kumshangilia. Walimwita Saeng Mikono ya Nta. Wazee wanakumbuka mashindano ya Ranot, ambako jukwaa lake lilitazamana na la Nora Huat, naye Huat, akimcheka kwa urefu wake, akaimba: "Naona mnazi umevaa taji, nani ataupanda atuangulie?" Saeng hakungoja ngoma ipoe: "Panda wewe, mwenzangu, ila ngazi yako fupi, na ukidondoka mkeo atanishukuru." Watu waliliacha jukwaa la Huat likiwa na mbwa wawili.

Umati ule haupo tena. Wenye sherehe walianza kutaka magitaa ya umeme na wasichana wa nyimbo za mjini, nora icheze saa moja kwanza, wageni wakila. Marehemu hakulalamika. Alicheza saa yake moja kama vile ni usiku kucha. Waliolalamika ni wengine.

Tarehe 22 Aprili 1976 alimwoa Prayong, aliyekuwa akiuza wali uliofungwa majanini pembeni ya uwanja wa maonyesho. Prayong hakuvutiwa na taji. Walipoonana mara ya kwanza alimuuliza, "Kaka, mikono hiyo inagema mpira au inapepea tu?" Kesho yake alfajiri marehemu alikuwa shambani kwa baba yake Prayong na kisu cha kugemea, akiichanja miti vibaya. Walijaliwa watoto wawili, Thian na Ratri. Thian alichukua mikono ya baba.

Mwezi Juni 2004 Thian alishikwa na maumivu ya kifua na mgongo. Nyumbani palikuwa na gari, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Kaka mkubwa, Khlai, ndiye aliyesema, "Haya si ya daktari. Wazee wanamtaka. Waahidini nora ya siku tatu." Ukoo ulimsikiliza kwa sababu ya umri wake. Thian alifariki siku ya pili, tarehe 11 Juni, ngoma zikilia, akiwa na miaka ishirini na mitano. Mwanawe Mukda alizaliwa miezi mitatu baadaye, naye mkunga alivitazama vidole vyake, asifanye mzaha. Marehemu hakuwahi kumlaumu kaka yake. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Mama yake Mukda alikwenda kufanya kazi ya kiwanda Hat Yai, mtoto akalelewa na babu na bibi. Akiwa na miaka kumi na minne alipinda mgongo kuliko babu yake alivyowahi, na siku ya kumvisha taji ilikuwa inakaribia. Ndipo mwezi Aprili 2019 alipokuja Daktari Wilawan, mtoto wa hapa hapa, ambaye alipokuwa mchanga marehemu alimkanyaga alama ya kuzaliwa shavuni kwa kidole cha mguu, kama nora wafanyavyo, ikafifia. Alimtazama marehemu akicheza, akangoja hadi alipovua taji.

"Babu, naomba ushike kifundo cha mkono wako kwa kidole gumba na kidole cha mwisho."

Vilikutana na kupitana.

"Hiyo nafanya tangu naanza kunyonya," marehemu akasema.

"Ndiyo inayonitisha. Urefu, miwani, bega linalotoka. Mama yako alifariki na miaka mingapi?"

Khlai akadakia, "Binti, hii si ndui. Ni mikono ya ukoo."

"Na ukoo ndio unaorithisha, Babu Khlai. Mama yenu? Na Thian?"

Akaambiwa. Akaeleza polepole kwamba yako maradhi yanayolegeza nyuzi zinazoushikilia mwili, na mshipa mkubwa utokao moyoni hupanuka kimyakimya mpaka ukapasuka. Akasema katika vitabu vyao mna orodha ya watu mashuhuri, wapiga fidla, waimbaji, hata watawala, ambao madaktari hubishana kama walikuwa nayo, kwa ajili ya vidole na urefu wao. Walikufa bila kupimwa. Mbele ya kila jina wameandika "labda".

"Walikuwa na watoto?" marehemu akauliza.

"Baadhi yao."

"Watoto waliambiwa nini?"

"Hakukuwa na cha kuwaambia, Babu. Labda tu."

Mukda alikuwa kando, akitunga shanga za vazi. Marehemu alivitazama vidole vyake.

"Basi mimi sitaki kuwa labda," akasema. "Lakini kwanza niwaulize wazee wenyewe."

Sherehe ya kuwaalika wazee waliotangulia ilifanyika Jumatano hadi Ijumaa, tarehe 15 hadi 17 Mei 2019. Marehemu aliogopa kuliko siku zote. Kama mikono ile ni ugonjwa, basi huenda hakuna aliyemchagua, na maisha yake yote alikuwa mgonjwa aliyevaa taji. Mzee Krai, aliyekwisha kufa, alipompanda Shangazi Nim, ambaye wazee husema kwa kinywa chake, akaomba tambuu na kulalamika kwamba ni kavu, marehemu alipiga magoti.

"Mjomba, mtoto huyu tumpeleke akapimwe?"

"Kwani mnangoja nini?" mzee akajibu kwa kinywa cha Nim. "Mmeshaniletea mmoja kabla ya wakati wake. Huku wachezaji wamejaa. Huko ndiko wanakoisha."

Hapo Khlai aliiacha ngoma ikiwa kimya, jambo lisilofanywa, akalia mbele ya watu.

Jumatatu iliyofuata walipimwa Hat Yai. Mshipa wa marehemu ulikuwa umepanuka vibaya. Alifanyiwa upasuaji tarehe 4 Julai 2019, akatoka na kovu alilowaonyesha watoto kama mfuko wenye zipu. Mshipa wa Mukda ulikuwa umeanza tu. Alipewa dawa ya kila siku na kipimo cha kila mwaka, akakatazwa kupinda mgongo. Babu yake alimtungia upya mchezo mzima: kuimba, hatua za taratibu, na mikono. Miaka minne na nusu ile walikaa barazani kila jioni, na sisi tuliodhani nora imekufa tulisikia beti zikipita ukutani.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 14 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, baada ya mshipa kupasuka sehemu ya chini ambako madaktari walishindwa kufika. Alikuwa na miaka sitini na minane, miaka thelathini na mitano zaidi ya mama yake.

Ameacha mjane, Prayong, binti, Ratri, aliyepimwa na kukutwa mzima, mjukuu, Mukda, na kaka yake, Khlai, aliyeandika maneno haya na ambaye leo atapiga ngoma.

Kama ilivyo desturi, kabla ya moto wa kuuchoma mwili kuwashwa nora wa ukoo atacheza mbele ya jeneza. Leo ni Mukda, mwenye miaka kumi na tisa, na taji ni la babu yake. Asubuhi amekunywa dawa. Atacheza kwa mikono tu. Tafadhali, asitokee mtu wa kumwomba apinde mgongo.

Saeng, pumzisha mikono. Imepokewa.